Mishipi ya Riksenda

Mwaka aliozaliwa Riksenda, ukuta wa nyumba ya Hekalu pale Peirabruna ulikuwa haujafika kifuani mwa mtu mzima. Alipotimiza miaka saba ulikuwa umeupita mwaloni mkubwa kuliko yote uwandani, na watoto wa kijiji walikwisha kuuzoea kiasi cha kuamini kwamba jua huchomoza nyuma yake kwa ruhusa ya mkuu wa nyumba.

Ndugu wa Hekalu walikuwa watawa wenye panga. Walikula viapo vya umaskini, utii na usafi wa mwili kama watawa wengine, kisha wakavuka bahari kwenda kuilinda nchi aliyozaliwa Yesu. Wengi wa wale wa Peirabruna, hata hivyo, hawakuwahi kuiona bahari. Walichunga kondoo. Uwanda ule wa juu hauna mto. Mvua ikinyesha, mawe huinywa yote, na upepo hukausha kilichobaki. Ndugu ndio waliochimba mabwawa na kuyasakafia mawe ili kondoo wapate kunywa. Babu yake Riksenda aliwapa malisho yake yote wamlinde dhidi ya mabwana wa bondeni waliokuwa wakipanda kila vuli kuswaga mifugo ya watu. Wakamlinda kweli. Mabwana hawakupanda tena. Sufu na jibini zikateremka kwa nyumbu mpaka bandarini, farasi wakafuata, na vyote vikavuka kwenda kulisha vita ambavyo hakuna mtu kijijini aliyeweza hata kunyoosha kidole kuonyesha viko upande gani.

Mama yake Riksenda alikuwa msukaji wa mishipi. Kanuni ya shirika ilimtaka kila ndugu ajifunge juu ya shati, chini ya nguo nyingine, mshipi mwembamba wa uzi wa kitani, alama ya kiapo cha usafi. Hauvuliwi mchana, hauvuliwi kitandani. Jasho huuozesha, kwa hiyo kila baada ya miezi michache huhitajika mpya. Mama alisuka kwa nyuzi nne, mkono wa kushoto ukitangulia, akimaliza huubana mshipi kwa meno kuona kama umekaza.

Kisha alifanya jambo ambalo wanawake wote wa Peirabruna walilifanya kwa kitu chochote cha kumkinga mtu. Aliupeleka mshipi katika kanisa dogo la ndugu, akaugusisha kwenye kichwa cha Mtakatifu Vereda. Vereda alikuwa msichana aliyeuawa kwa upanga zamani sana, na fuvu lake lilihifadhiwa ndani ya kichwa cha mbao kilichofunikwa fedha, chenye uso mpole na macho ya kioo. Wajawazito walileta mikanda yao. Wachungaji walileta kengele. Bruna, jirani yao, aliwahi kuleta jogoo aliyekataa kuwika, na jogoo akamnyea mtakatifu. Hakuna aliyeomba ruhusa wala kufikiri kuna ruhusa ya kuomba. Ilikuwa kama kupuliza uji kabla ya kumlisha mtoto.

Mama alifariki Riksenda akiwa na miaka kumi na saba na mdogo wake Guiral akiwa na sita. Riksenda akarithi vitu viwili hivyo, uzi na mtoto. Aliolewa na mkata mawe, naye akaanguka kutoka ukuta wa kinu cha kusagia nafaka, akafa kabla hawajapata mtoto. Kwa hiyo Guiral akawa ndiye mtoto, ndiye ndugu, na kwa miaka mingi ndiye sauti pekee ya kiume chini ya paa lile.

Alipofika miaka ishirini Guiral alitaka kuingia Hekaluni. Riksenda mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwombea kwa mkuu wa nyumba, Ndugu Folko, mzee aliyeacha sikio moja ng'ambo ya bahari.

"Anajua nini?" Folko aliuliza.

"Kondoo, bwana. Mgonjwa anamtambua kwa kikohozi, kabla hajalegea."

"Na upanga?"

"Upanga atafundishwa. Kondoo ndio huwezi kumfundisha mtu akiwa na ndevu."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu, na Guiral akapewa joho jeusi la ndugu watumishi. Siku ya kuingia alimsukuma dada yake begani. "Dada, umeniuza."

"Nimekuoza."

"Kwa mke gani?"

"Kwa kondoo mia nane. Na ujiandae, wakwe wanapiga kelele alfajiri."

Usiku mmoja tu Riksenda aliona nyumba yake kubwa mno. Asubuhi alisuka mshipi wa kwanza wa Guiral, na alipoupeleka kwa Vereda aliushikilia pale kwenye paji la fedha kwa muda mrefu kuliko mishipi ya wengine.

Miaka michache baadaye Azemar, mwenye nyumbu, alipanda kutoka bondeni na habari kwamba mji wa mwisho wa Wakristo ng'ambo ya bahari umeanguka. Alisema hivyo huku akimtoa nyumbu wake jiwe kwatoni. Hakuna kilichotikisika. Kondoo walikamuliwa jioni ile kama kawaida. Lakini mwaka uliofuata farasi hawakuteremshwa tena bandarini, na kuna kitu kilibadilika katika namna watu walivyoutazama ule ukuta. Zamani waliutazama kama mtu anavyotazama mlima. Sasa waliupima.

"Walinzi wa nini sasa?" Bruna alisema bwawani, akisuguasugua shuka. "Nyumba imeshaungua, na mlinzi bado anadai chakula cha jioni."

"Nyamaza wewe. Mkate unaokula umesagwa kwenye kinu chao."

"Ndiyo maana unanikwama."

Maneno mengine yalipanda na nyumbu. Kwamba ndugu hufanya mikutano milango ikiwa imefungwa, kabla hakujapambazuka, na mlinzi juu ya paa. Kwamba hakuna mtu wa nje aliyewahi kuona jinsi ndugu mpya anavyopokewa shirikani. Riksenda alimuuliza Guiral siku moja kwenye zizi.

"Mnaficha nini humo?"

"Usingizi," Guiral alijibu. "Ndugu Folko akianza kusoma kanuni, nusu yetu tunakoroma. Watu wakijua, shirika litavunjika."

Riksenda alicheka. Baadaye alikumbuka kwamba Guiral hakucheka sana.

Ilikuwa Ijumaa ya vuli, ukungu umelala chini, alipokwenda kanisani na mishipi sita mipya mkononi akakuta lango wazi. Kondoo walikuwa bado wamefungiwa, wakilia wote kwa pamoja. Uani ndugu walikaa chini kwenye matope, mikono nyuma, wamefungwa kwa kamba za kufungia sufu. Watu wa mfalme waliingia na kutoka na vitu. Mmoja alitoka na kichwa cha Vereda ndani ya kikapu cha jibini. Akakikwaruza shavuni kwa kisu kuona kama ni fedha kweli, akatosheka, akakifunika kwa kitambaa.

Guiral alipita karibu yake akisukumwa. Hakusema neno la kuagana. "Dada," alisema, "yule dume mwenye jicho moja hajapewa chumvi."

Waliwekwa katika mnara wa mji wa bondeni, mwendo wa siku nzima. Azemar alipeleka mkate wa nafaka ya rai na jibini kila aliposhuka, na kila alipopanda Riksenda alimsubiri kwenye njia panda. Ndugu Folko alikufa kabla ya Krismasi. Walimning'iniza kwa mikono. Wengine walikwisha kukiri mambo. Mambo gani, Azemar hakujua, alisikia tu kwamba ni ya aibu na yameandikwa kwa Kilatini. Guiral hakukiri lolote. Alisema yeye ni mchungaji na aliulizwa mambo asiyoyajua.

Majira ya kuchipua yalipofika, Padri Matfre wa kijijini alitangaza kanisani kwamba mtu yeyote mwenye neno kuhusu ndugu wa Hekalu anaweza kwenda kulisema mbele ya mtawa mchunguzi, bila kuogopa. Riksenda alikwisha kufunga mkate wake kabla ibada haijaisha.

"Usiende," Bruna alimwambia.

"Hawamjui. Nikiwaeleza alivyo watamwachia."

"Watu wale ukiwaambia jana ilinyesha, wataandika kwamba umekiri kuloa."

"Mimi sina la kuficha, Bruna."

"Ndilo linaloniogopesha."

Mtawa mchunguzi alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Alimpa kiti, akaomba radhi kwa kupenga kamasi. Karani aliketi pembeni na kalamu yake. Kupitia dirishani Riksenda aliuona mnara, na tundu zake nyembamba, akajaribu kukisia lipi ni la Guiral.

"Mshtakiwa Guiral unamjua?"

"Nimemlea, Padri. Nimemfuta pua huyo."

"Tumesikia wewe ndiye msukaji wa mishipi yao."

Moyo wake ulitulia. Hili alilijua kuliko mtu yeyote nchini. "Ni mimi. Na mama yangu kabla yangu."

"Ukimaliza kusuka, unawapa hivihivi?"

Aliona kama ametukanwa. "Hivihivi? Hata kidogo, Padri. Hakuna mshipi uliotoka mikononi mwangu kabla sijaugusisha kichwani."

Kalamu ya karani ilisimama.

Mtawa alikunja leso yake taratibu. "Kichwa gani, mama?"

"Kile cha fedha. Cha kanisani kwao."

"Nani alikuagiza?"

"Wa kuagiza nani? Ndivyo tunavyofanya tangu enzi za bibi zetu."

"Na ndugu walijua?"

"Wote walijua!" Alisogea mbele ya kiti, akitaka aelewe. "Ndiyo maana waliivaa kwa imani. Wa Guiral niliushikilia zaidi. Alikuwa anaubusu kabla ya kuufunga."

"Anaubusu," mtawa alisema. Karani aliandika. "Na kichwa hicho, kina ndevu?"

"Ndevu za nini? Ni msichana. Ni Mtakatifu Vereda."

"Kiko wapi sasa?"

"Si mnacho ninyi? Nilikiona kikitolewa kwenye kikapu cha jibini."

Karani alipekua karatasi zake, akashuka na kidole mpaka chini, akatikisa kichwa. Katika orodha ya vitu vilivyochukuliwa Peirabruna hapakuwa na kichwa chochote. Aliyekibeba alikuwa amekibeba kwenda kwake.

Walimsomea maneno yake kwa haraka, nusu kwa lugha yake, nusu kwa Kilatini, naye akatia alama ya msalaba chini. Mtawa alimshukuru. Alitoka akiwa mwepesi, akaketi kwenye ngazi za kanisa, akala mkate wake wote, hata ule aliouweka kwa safari ya kurudi.

Hapo ndipo Padri Matfre alipomkuta. Alikuwa ameletwa mjini naye kuulizwa, na uso wake ulikuwa wa rangi ya nta.

"Riksenda, umewaambia nini kuhusu kichwa?"

Akamweleza. Padri alikaa chini kwenye ngazi.

"Moja ya mashtaka yao ndilo hilo," alisema. "Kwamba ndugu wanaabudu kichwa chenye ndevu, sanamu. Kwamba wanakigusisha mishipi na kuivaa mwilini kwa heshima yake. Wamekuwa wakitafuta miezi sita mtu mmoja wa kusema hivyo bila kuguswa na kamba."

"Lakini ni mtakatifu! Ingia ukawaambie. Wewe ni padri."

Matfre alitazama viatu vyake. "Nimetafuta katika vitabu vya askofu. Jana, na leo tena. Hakuna Mtakatifu Vereda. Hajaandikwa mahali popote. Tunamjua sisi tu."

Riksenda alisimama ili arudi ndani. Padri alimshika mkono kwa nguvu ambayo hakumjua nayo. "Ukibadilisha neno moja, watakuuliza wewe unaabudu nini. Na watakuulizia kule alikoulizwa Folko."

Waliyapeleka maneno ya Riksenda mnarani siku ileile. Haya Azemar aliyapata kwa mlinzi wa gereza, aliyempenda kwa sababu ya jibini. Walimsomea Guiral ushahidi wa dada yake, kisha wakamuuliza kama ni uongo. Akisema ni uongo, dada ataletwa kujibu. Akisema ni kweli, na kwamba mwanamke alifanya kwa hiari yake, dada ataletwa vilevile. Guiral aliomba maji. Alikunywa, akasema ni kweli, kichwa kilikuwa sanamu, na yeye ndiye aliyemwagiza. Alimdanganya kwamba ni mtakatifu. Dada ni mwanamke wa uwandani, hajui kitu, mwacheni.

Kwa kuwa alikiri, alisamehewa na Kanisa. Msamaha wenyewe ulikuwa kifungo cha maisha katika chumba ambacho akinyoosha mikono aligusa kuta mbili.

Miaka miwili ilipita. Riksenda aliacha kusuka. Vidole vilipoanza vyenyewe, alivikalia. Mwishoni mwa baridi alishikwa na homa, akalala siku kumi na mbili, na habari ikateremka na nyumbu kwamba anakufa. Azemar aliporudi hakupita nyumbani kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ndugu yako anauliza kama u hai."

"Kwa nini anauliza hivyo?"

Azemar aliizungusha kofia. "Kuna makamishna wa Baba Mtakatifu wanaowasikiliza ndugu upya. Wenzake sita wamekana waliyoyakiri. Anayekana anahesabiwa amerudia dhambi, anachomwa moto. Wameshaanza kuwachoma mijini. Guiral anasema yuko tayari, amechoka kuubeba ule uongo, anamwota Folko kila akisinzia. Lakini akikana, swali linarudi kwako. Kwa hiyo anauliza. Kama umekufa, atasema kweli."

Bruna, aliyekuwa akikoroga supu ya kabichi, aliacha kukoroga.

Riksenda alijua anachoombwa. Neno moja tu, tena neno ambalo siku kumi na mbili nzima lilikaribia kuwa kweli. Kwa neno hilo Guiral angetoka mle ndani akiwa mtu aliyesema kweli, na angeungua.

Alishusha miguu sakafuni. Alishika ukuta, akasimama, akaenda mpaka mlangoni kwenye mwanga, shati limemlowa jasho.

"Nitazame vizuri," alimwambia Azemar. "Mwambie nipo. Mwambie umeniona nimesimama. Bruna, lete hiyo supu." Na akanywa bakuli zima mbele yake, akitetemeka, asije Azemar akashuka na uongo.

Tangu siku ile ikawa kazi yake kuishi. Hakupanda ngazi. Hakuvuka bondeni barafu ikiwapo. Hakula uyoga aliouchuma mtu mwingine, na alimkimbia mgonjwa yeyote, hata mtoto. Kijiji kilimcheka. "Unajitunza kama bi harusi," Bruna alimtania, "na mwili wenyewe umebaki kama mti wa kuanikia nguo." Baba Mtakatifu alilifuta shirika. Nyumba ya Peirabruna ikapewa watawa wengine wenye panga, msalaba wao mweupe juu ya joho jeusi, na kondoo wale wale wakaswagwa kwenye mabwawa yale yale kwa filimbi ya mtu mwingine. Baadaye Azemar alileta habari kwamba mkuu wa mwisho wa Hekalu naye alikana alichokiri, akachomwa kwenye kisiwa katikati ya mto, mbali kaskazini. Riksenda alimuuliza kama Guiral amesikia. Azemar alisema mnarani husikia kila kitu.

"Mwambie nipo," akasema.

Alisema hivyo kila nyumbu waliposhuka, miaka saba. Majibu hayakuja, isipokuwa mara moja. Azemar alikuwa hataki kulitoa, akalitoa baada ya kubanwa.

"Nilimwambia upo. Akasema, 'Bado?'"

"Alisemaje? Kwa furaha?"

"Ule mlango una unene wa mkono, Riksenda. Sauti ikipita pale inatoka haina uso."

Aliligeuza neno hilo mpaka likaisha ladha. Akiwa anapalilia kabichi zake aliliona limekaa kwenye jani. Huenda Guiral alimshukuru. Huenda alimlaani kwa kila kikombe cha maziwa alichokunywa dada yake. Alikunywa hata hivyo.

Vuli ya mwaka wa nane alikohoa damu kwenye mtandio. Aliukunja, akautia motoni, akamwita Bruna na Azemar mchana wa jua kali, milango wazi.

"Nikifa," alisema, "mwambieni nipo."

Azemar alikuwa amezeeka. Alishuka sasa mara mbili tu kwa mwaka. "Mpaka lini?"

"Mpaka yeye anifuate. Au wewe."

"Unataka tumdanganye mfungwa," Bruna alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka naye hayafuti. "Amekaa mle ndani anasubiri kitu kimoja tu. Hata hicho humwachii?"

"Simwachii."

"Ni haki yake, Riksenda."

"Najua."

Uwandani filimbi ilisikika, na kengele za kondoo zikigeuka upande wa malisho ya babu yake. Azemar alikuna shingo.

"Akiuliza habari? Akitaka kujua unafanya nini?"

Riksenda alifikiri. "Mwambie napalilia kabichi. Mwambie nimenenepa, na Bruna ananicheka." Kikohozi kilimkata, akakishikilia mpaka kikapita. "Usiongeze chumvi, Azemar. Ukiongeza atajua. Yule alimjua mgonjwa kwa kikohozi."

Mzee aliinuka, akawafungia nyumbu wake mizigo, akakaza kamba. Kabla ya kuondoka alirudi mlangoni, kama alivyofanya kila safari, akangoja.

"Nipo," Riksenda alimwambia, na Azemar akashuka na neno hilo bondeni. Siku ile lilikuwa bado ni kweli.